Siku ya familia shuleni: namna ya kuiandaa bila kumuuliza mtoto kabila lake

Walimu wenzangu na nyie wazazi mlioko kwenye kamati, kila mwaka ikikaribia likizo ya mwezi wa sita naulizwa swali lilelile, ile siku yenu ya mila na tamaduni mnaifanyaje mpaka watu wanajaa vile, maana kwenye kikao cha wazazi wanakuja kumi na mbili na nusu yao wamekuja kusaini tu waondoke. Basi leo nimekaa na chai yangu naandika yote kwa mkupuo ili nisirudierudie.

Mi nafundisha shule ya msingi hapa Tanga mjini, huku Ngamiani kwenye barabara za namba. Na nianze na aibu yangu, mara ya kwanza tulivurunda. Tulichukua manila tukaandika WADIGO, WASAMBAA, WABONDEI, WAZIGUA, WAPARE, alafu nafasi ikaisha ukutani, manila ya mwisho tukaandika WENGINE. Watoto wakaambiwa kila mmoja akasimame kwenye bango lake. Kuna mtoto wa darasa la tatu baba yake Mdigo mama yake Mnyakyusa, akaenda kwa Wadigo wenzie wakamwambia mama ako si Mdigo wewe, akahamia kwa WENGINE akakuta watoto watatu wanaangaliana, akasimama pale kidogo alafu akaomba ruhusa kwenda chooni, hakurudi mpaka kengele ya kuondoka. Na lile bango la WENGINE niliandika mimi, kwa makapeni nyekundu.

Sasa ukikaa ukafikiria, Tanga ndo mji wa mwisho kwenye nchi hii wa kumpanga mtu kwa bango. Reli ilianza kujengwa hapa 1893 ikafika Moshi 1911, mkonge nao Mjerumani mmoja, Hindorf, aliuleta mwaka huohuo wa 1893, na baada ya hapo mashamba yakawa yanavuta watu kutoka kila kona, Songea, Kigoma, Mbeya, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wakaja kwa mkataba wakipewa namba ndo tukawaita manamba. Bandarini na madukani kuna Wahindi, Wagoa, Waarabu wa Yemen. Wadigo nao wako huku na wako Kwale upande wa Kenya, kuna mtoto darasani kwangu bibi yake akija kumtembelea anapitia mpaka wa Horohoro. Watu wameoana miaka na miaka, sasa we unataka mtoto wa miaka tisa akupe jibu la neno moja. Hata sensa ya taifa haijauliza mtu kabila tangu ile ya 1967, we mwalimu wa darasa la tatu unaulizia nini?

Kwaiyo tulipobadilisha swali mambo yote yakabadilika. Hatuulizi tena "wewe ni nani", tunauliza "nyumbani kwenu mnafanyaje". Tunatuma karatasi wiki tano kabla, nusu kurasa tu, nyie nakilini hivihivi mkitaka:

"Mzazi au mlezi, salaam. Wiki hii mwanao atakuuliza maswali matatu, tunaomba umjibu hata kama ni wakati unaosha vyombo. La kwanza, chakula gani hapo nyumbani kinapikwa siku ya furaha tu? La pili, neno au msemo gani mtu mzima wa hapo nyumbani hupenda kuusema ambao jirani hauelewi? La tatu, kitu gani humo ndani kina umri mkubwa kuliko mtoto, na kilifikaje? Majibu ataleta kwa mdomo, si lazima kuandika."

Hiyo "kwa mdomo" msiitoe. Kuna wazazi hawaandiki vizuri na wanaona haya, karatasi ya kujaza hawairudishi, unabaki unasema hawana mwamko kumbe wewe ndo uliowafungia mlango. Na andika "mlezi", usiandike baba na mama. Wapo wanaolelewa na bibi, wapo wako kwa shangazi toka wana miaka miwili, wapo baba hajulikani. Ile kazi ya kuchora mti wa ukoo ambayo inapendwa sana kwenye vitabu mi siipendi kabisa, kuna mtoto anajikuta na tawi moja na wenzie wanacheka.

Majibu yakija yapokeeni yalivyo. Mwaka juzi mtoto kasema chakula chao cha furaha ni chipsi mayai. Mwalimu mwenzangu akataka kumrudisha nyumbani akaulize upya, nikamwambia wee muache, mama yake anauza chipsi, siku ya furaha kwao ni siku baba anapika yeye mama anakaa. Si utamaduni huo? Wakaja na chipsi mayai na foleni ilikuwa ndefu kuliko zote, shauri yenu.

Haya, tarehe. Hapa ndo pagumu kuliko chakula na ngoma zote na ndo watu wengi wanaparukia. Mwezi wa tatu mpaka wa tano masika, achaneni nao. Mwezi wa tisa darasa la saba wana mtihani, wa kumi darasa la nne, hamtapata mwalimu mwenye akili zake. Angalieni mfungo wa Ramadhani na Maulidi vimeangukia wapi mwaka huo maana vinasogea. Sisi tunabaki na mwisho wa mwezi wa saba au mwezi wa nane, hewa imepoa, ila kusi inavuma hivo turubai lifungwe kwa kamba kwelikweli, kamba za mkonge tunazo jamani.

Siku gani ya wiki? Tulianza na Jumamosi kwa sababu kila mtu anafanya Jumamosi, tukashangaa familia kadhaa za Wapare hatuzioni. Mpaka mama mmoja akaniita pembeni, mwalimu sisi Wasabato, Jumamosi tuko kanisani. Wasabato wako Upareni toka 1903, na Upare uko hapo juu tu ukipandisha na reli, na mimi nimesoma na Wapare sekondari miaka minne halikuniingia kichwani. Ijumaa haiwezekani kwa sababu inajulikana. Siku za kazi jioni watoto wengi wanakwenda chuoni kwa ustadhi. Ikabaki Jumapili kuanzia saa nane mchana, waliokwenda ibada ya asubuhi wamesharudi na wamekula, tunasimama Alasiri kwenye saa kumi hivi kwa dakika ishirini, tunamaliza saa kumi na moja na nusu ili Magharibi imkute mtu kwake. Tangu tuhamie hapo hakuna aliyelalamika.

Na kama shuleni kwenu kuna watoto wa wavuvi, wa Sahare na Deep Sea mfano, angalieni na mwezi wa mbinguni. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa kwenye giza, mbalamwezi ikiwa kali hawaendi, kwaiyo Jumapili iliyo karibu na mwezi mpevu unawapata wakina baba wako nyumbani, tena hawana usingizi. Hii alinifundisha mzazi mmoja, mimi sikuwa najua, nilikuwa nawalaumu tu kwamba hawajali shule.

Ruhusa nisiseme sana, mwalimu mkuu ndo anajua njia, kwetu aliandika barua kwa afisa elimu kata na nakala serikali ya mtaa kwa ajili ya kelele. Ila kwenye hela muwe makini. Toka Januari 2016 elimu msingi haina malipo na mchango wa lazima ni kesi, msije mkamwambia mtoto asipoleta elfu mbili asije. Kamati ya shule ndo ishike hilo jambo. Ukweli ni kwamba shughuli hii haihitaji hela nyingi, familia inaleta sufuria ya chakula na mkeka, mwenye turubai analeta turubai, tulichokodi sisi ni viti themanini tu vya wazee. Hatukuchapisha fleksi. Ile hela ya fleksi yenye picha ya mgeni rasmi nunueni maji ya kunawa na sabuni.

Na mgeni rasmi wa nini? Tulimualika mwaka wa kwanza akachelewa saa moja na dakika arobaini, watoto wamekaa juani, kachori zimelegea. Siku hizi anayefungua ni bibi au babu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliofika, tunauliza palepale "nani amezaliwa zamani zaidi", wenyewe wanaanza kubishana na hapo watu wameshacheka, shughuli imeanza. Dua fupi ya shekhe na sala fupi ya mchungaji, dakika mbili mbili, mahubiri hapana.

Chakula. Nisikilizeni vizuri hapa.

Nyama ni sheria moja tu, yote inanunuliwa sehemu moja na iliyochinjwa na Mwislamu, au familia isilete nyama kabisa ilete samaki, maharage, mboga. Usimwachie mtu aeleze mezani hii ya nani kachinja nani, maana shaka ikishaingia meza nzima haiguswi hata kama kuna wali mtupu. Kitimoto hapana, pombe hapana hata kama ni ya asili. Kuna babu wa Kichaga alitaka kuleta mbege, anasema bila mbege unaonyesha utamaduni gani, tukamuomba alete kibuyu chenyewe kikiwa kitupu aeleze inavyotengenezwa ndizi na ulezi, akaeleza kwa uchungu sana mpaka watu wazima wakameza mate. Familia za Kihindu zisizokula nyama wala mayai muwawekee meza yao mwanzoni kabisa mwa mstari, na kijiko chao kisihame.

Kingine, joto letu mnalijua. Chakula cha nazi kikifika saa nne asubuhi kimefunikwa kimoto, saa tisa kimeshachacha. Waambieni wazazi sufuria zifike saa saba na nusu, na kila kitu chenye nazi kiishe kabla ya Alasiri. Mtori nao mtamu lakini mtori wa moto mchana Tanga ulikaa mpaka saa kumi na moja ndo watu wakaukumbuka. Karanga zitengwe na ziandikwe maana kuna watoto zinawavimbisha. Na ni kuonja, si kushiba, hili mlitangaze mapema, vikombe vidogo vya plastiki au kipande cha jani la mgomba, kijiko kimoja cha makande, kijiko cha bada, ule ugali wa muhogo, na kipande cha samaki, bokoboko kidogo, dhokla moja ya Kihindi, wanaendelea. Mkianza kupakua sahani, watu wa mwisho watakuta masufuria yamekwanguliwa na hapo hakuna utamaduni tena ni ugomvi. Darasa la kwanza na la pili watangulie foleni, wakubwa baadae.

Ila kuliko vyakula vilivyokuja vimeiva, vilivyopikwa palepale ndo vilikusanya watoto. Wekeni angalau kimoja. Sisi kuna bibi alikuja na chuma chake cha mkate wa kumimina, akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, moto chini na mkaa juu ya mfuniko, haongei na mtu. Watoto wamemzunguka kama arobaini. Anamimina, anafunika, anahesabu kimoyomoyo midomo inacheza, anafunua, mkate umepanda vitundu vitundu. Mtoto mmoja akamuuliza bibi umejuaje kama umeiva na hujafunua? Bibi akamshika mkono akausogeza karibu na mfuniko, akamwambia nusa. Nusa tena. Hiyo harufu ya kwanza ni ya hamira, ngoja, sasa hii ya pili, hii ndo yenyewe. Mpaka leo yule mtoto akipita jikoni kwa mpishi wa uji anasimama ananusa, tumemharibu.

Nguo. Tafadhali msiwavalishe watoto majani na ngozi za kukodi. Msambaa gani leo anashinda na majani kiunoni pale Lushoto? Mvae nguo inayovaliwa nyumbani kwenu siku ya heshima, basi, kanga za mama, kanzu, sari, kitenge, lubega kwa wenye lubega. Kanga zenyewe ni somo zima, tulitandika kamba uwanjani tukatundika kanga za akina mama kama hamsini hivi watoto wakawa wanasoma majina wanabishana maana. Kagueni kwanza lakini. Kuna moja ilikuwa ya mafumbo ya mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe alikuwepo pale uwanjani, ikabidi nijifanye upepo umeidondosha.

Ngoma mkizipata za wazee wenyewe ni bora kuliko kikundi cha kulipwa. Mdumange wa Wasambaa, sengenya ya Wadigo, sindimba ya Wamakonde, kila moja waje wanaoijua waicheze, alafu waite watoto waingie wafundishwe hatua mbili tatu, hapo ndo raha. Mtoto wa Kihindi anafundishwa sindimba na babu wa Kimakonde, babu anamwambia goti mwanangu, goti, si shingo. DJ asiwepo. Najua wakubwa wa darasa la saba watataka singeli, wapeni dakika kumi za mwisho, wakikosa kabisa watanuna na nyie mnawahitaji kubeba viti.

Emsii akatazwe kutania makabila na maiki. Najua tuna utani, Wachaga na Wapare wakikutana lazima mmoja azikwe akiwa hai, lakini utani ni wa watani wanaojuana, umesimama uso kwa uso na mwenzio atakurudishia. Ukiuweka kwenye spika mbele ya watoto mia tatu, kesho yake darasani mtoto wa Kipare anaitwa bahili na hajui hata kwa nini.

Kona ya salamu ilikuwa wazo la watoto wenyewe na ni ya bure. Kila familia inawafundisha wenzao salamu moja, unazunguka unasalimia, ukipata kumi unapewa ubuyu. Ugonile, shimboni, mbukwenyi, sopa, kem cho. Mtoto wangu mmoja saa kumi jioni akamkimbilia mzee wa Kisukuma "mwangaluka!", mzee akacheka mpaka akashika fimbo vizuri, mjukuu wangu hiyo ya asubuhi, umelala mpaka saa hizi?

Sasa lile swali la tatu, la kitu cha zamani. Msiweke vitu kwenye meza na kadi kama makumbusho ya Urithi kule mjini, pale ni pao na wanajua kazi yao. Kitu kikae mkononi kwa mwenyewe. Tulipata redio ya mbao, tulipata birika la kahawa la shaba lililotoka Hadhramaut na babu wa babu, tulipata bao lililochakaa vishimo. Na kulikuwa na mzee mmoja kaja na kisu cha kukatia mkonge kimefungwa kwenye gunia. Baba yake alikuja kutoka Msumbiji kukata mkonge, na yeye akakata pia mpaka mgongo ukakataa. Akawaonyesha watoto jinsi ya kukata jani na kuondoa ule mwiba wa nchani, jani thelathini mzigo mmoja unafunga, thelathini mzigo mmoja, siku nzima kwenye jua. Akawaita watatu wahesabu thelathini kwa sauti huku yeye anafanya mkono bila jani lolote, hewani tu, kwa kasi ileile, na walipofika thelathini walikuwa wanahema wao siyo yeye. Pembeni nikamuona yule wa bango la WENGINE, siku hizo yuko darasa la tano, anahesabu kimya kimya na wenzie. Yeye alileta kikapu cha mama yake cha kutoka Tukuyu na ndani kaweka dagaa wa baba yake, kauli yake mwenyewe ilikuwa "hiki kimebeba hiki". Sikumfundisha mimi.

Kisu kilirudi kwenye gunia na alikishika mwenyewe muda wote, hilo mlipange kabla, vitu vyenye makali na vya kuvunjika visiachwe na mtoto hata dakika.

Muda ulivyokwenda kwetu kwa kifupi, saa nane ufunguzi na dua, robo saa baadae kona zote zinafunguliwa kwa pamoja watu wanazunguka, saa tisa kuonja, saa kumi mapumziko ya swala, alafu ngoma, alafu wazee wa vitu, singeli, kufagia. Msipange hotuba katikati. Umeme ulikatika mwaka jana katikati ya ngoma na hakuna aliyegundua isipokuwa emsii.

Mtasahau kitu kimoja na mimi nilisahau miaka miwili mfululizo, majina kwenye vyombo. Plasta ya karatasi chini ya kila sufuria, jina la mtoto na darasa, iandikwe getini wakati inaingia na siyo baadae. Wakubwa wa darasa la saba waoshe palepale kabla hawajaondoka, mabaki ya nazi yakilala usiku kucha stoo utaijua Jumatatu. Kuna sufuria moja ya bati nambari ishirini na mbili, ya vipini viwili, kimoja kimefungwa waya, ipo stoo kwetu toka mwaka juzi. Mwenyewe aje achukue, mfuniko hatujauona.